Mizani ya Nakwa: Namna ya Kuitambua Programu Njema ya UDP

Watu wengi wanaojidai kuijua sanaa ya kutunga programu za mtandao huzipima kazi za wenzao mahali ambapo kila kazi huonekana njema, yaani katika ofisi za Dar es Salaam zilizofikiwa na mkongo, ambako ujumbe huenda na kurudi kabla mtu hajapepesa jicho, na taksiri yoyote ya mtungaji husitiriwa na wepesi wa njia. Rai yangu ni kwamba kazi ya namna hii ipimwe mahali ambapo mtandao una tabia zake, na kwa kuwa makazi yangu ni Nakwa, katika mji wa Babati ulio baina ya ziwa lake na Mlima Kwaraa, sina haja ya kwenda mbali kuitafuta mizani. Hapa intaneti ya wengi wetu ni ya simu, inayonunuliwa kwa bando. Mawimbi ya mnara huongezeka na kupungua kwa kadiri ya mahali ulipokaa. Jioni, watu wanapokuwa wamerudi majumbani na kila mmoja ameshika simu yake, njia husongamana. Na umeme ukikatika, ruta huzimika, kompyuta ya mkononi ikahamia kwenye simu na kubadili anwani yake katikati ya mazungumzo bila ya kumwomba mtu idhini. Programu itakayokaa sawasawa katika hali hizi itakaa sawasawa popote, ilhali ile iliyosifiwa mjini yaweza kufedheheka hapa kabla chai ya jioni haijapoa.

Nazungumzia aina moja tu ya programu: zile zinazowaunganisha wenza moja kwa moja, kompyuta na kompyuta au simu na simu, pasipo seva ya kati inayoyashika mazungumzo yote, na zinazotumia kwa kazi hiyo kanuni iitwayo UDP. Kanuni hiyo iliandikwa na Mmarekani Jon Postel mwezi wa Agosti mwaka 1980, katika waraka nambari 768 wa mfululizo wa nyaraka za RFC, na waraka wenyewe hauzidi kurasa tatu, ufupi ambao peke yake wamtosha mwenye akili kutambua kwamba kazi kubwa haikumalizwa humo, imeachiwa atakayekuja. Kila ujumbe, ambao mafundi huuita datagramu, hutanguliwa na kichwa cha baiti 8 zilizogawanywa mafungu manne: poti ya mtumaji, poti ya mpokeaji, urefu, na hesabu ya ukaguzi ya kuthibitisha kwamba maneno hayakuharibika njiani. Basi. Hakuna ahadi ya kwamba ujumbe utafika, wala kwamba utafika mara moja tu, wala kwamba uliotangulia kutumwa ndio utakaotangulia kufika; na usipofika, hapana atakayekuja kukuarifu. Kanuni ya TCP huyachukua mashaka hayo yote mabegani mwake, lakini hutaka kila mwenza afunguliwe njia yake mahsusi, humlazimisha aliye nyuma akingoje kipande kilichopotea hata kama hakina faida tena, kama ilivyo kwa sauti ya mtu anayezungumza, na hupata taabu zaidi kuipenya milango ya mitandao ya simu nitakayoieleza baadaye. UDP humwachia mtungaji soketi moja iwezayo kusema na wenza mia, na humwachia pia dhima yote. Kwa hiyo mwenye kuipima kazi hii haipimi kanuni, maana kanuni ni ile ile kwa mahiri na kwa mwanagenzi. Apima namna mtungaji alivyoibeba dhima aliyoachiwa, na mimi huanza na swali moja ambalo naliona ndilo shina la maswali mengine yote: programu hii husema nini pale isipojua?

Tazama kwanza inachomwonyesha mtumiaji. Programu inapoukabidhi ujumbe kwa mfumo wa kompyuta, kwa wito uitwao sendto, mfumo hujibu kwamba umepokea baiti kadhaa, na jibu hilo halithibitishi kwamba ujumbe umetoka nyumbani, seuze kufika kwa mwenzio. Mtungaji dhaifu hulichukua jibu hilo akamchorea mtumiaji alama ya kufika. Mtungaji wa wastani hungoja ukiri wa mwenza ndipo achore. Na aliye stadi hukuonyesha pia hali ya tatu, ambayo wengi huisahau, kwamba ujumbe umetumwa, ukiri haujaja, na haijulikani kama uliopotea ni ujumbe wenyewe au ni ukiri wake. Kuipima sifa hii hakuhitaji elimu kubwa: zima data kwenye simu ya mwenza, tuma ujumbe, kisha tazama programu inadai nini. Nyingi hudai yasiyokuwapo.

Ishara ya pili ni ukubwa wa ujumbe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapowatambua watu walioisoma kanuni bila ya kuionja safari. Datagramu moja ya IPv4 yaweza kubeba hadi baiti 65,507, na mtungaji asiye na uzoefu akiiona ruhusa hiyo huandika ujumbe mrefu atakavyo, akaujaribu ndani ya kompyuta yake mwenyewe au juu ya waya wa ofisini, ukafika mzima, akafurahi. Lakini njia ya kawaida ya Ethernet haibebi zaidi ya baiti 1,500 kwa mara moja, na ukiondoa baiti 20 za kichwa cha IPv4 na 8 za UDP, zabaki 1,472. Kinachozidi hapo hukatwa vipande, na kikipotea kipande kimoja tu, vilivyosalia vyote hutupwa, maana mpokeaji hana namna ya kukiomba kile kilichokosekana. Tufanye hesabu: tuseme njia inapoteza vipande 2 katika kila 100, kiasi ambacho katika jioni yenye msongamano hakimshangazi mtu. Ujumbe wa kipande kimoja utafika mara 98 katika 100. Wa vipande 10 utafika takriban mara 82. Na ule wa baiti 65,507, uliokatwa vipande 45, utafika takriban mara 40 tu. Mtumiaji ataona maneno mafupi yanapita na picha hazipiti, ataulaumu mnara, ilhali mnara umewatendea wote insafu iliyo sawa, na mwenye lawama yuko kwingine kabisa ameketi mbele ya kompyuta yake akishangaa malalamiko ya watu wa mikoani.

Fauka ya hayo, zipo ruta na milango ambayo huvitupa vipande vyote bila ya kuuliza, na mitandao ya simu aghalabu huuongezea ujumbe vichwa vyake yenyewe njiani, hata zile baiti 1,472 zisiwe tena za kutegemewa. Ndiyo sababu mjuzi hupenda kukuta katika msimbo namba ya kiasi: 1,200, ambayo ndiyo iliyochaguliwa na kanuni ya QUIC, iliyojengwa juu ya UDP, katika waraka nambari 9000 wa Mei 2021 kuwa kiasi ambacho njia ni lazima iweze kukibeba, au 1,232, inayopatikana ukiondoa baiti 40 za kichwa cha IPv6 na 8 za UDP katika 1,280, ambacho ni kiasi cha chini kabisa ambacho kila njia ya IPv6 imelazimishwa kukibeba. Wazee wa DNS, mfumo wa majina ya intaneti, walijifunga baiti 512 miaka mingi, wala hawakuwa wajinga. Nikifungua msimbo nikaikuta namba 1,200 imeandikwa pamoja na maelezo ya sababu yake, hukaa vizuri nikaendelea kusoma kwa raha. Nikikosa namba yoyote, nikaona tu kwamba ujumbe waachwa uwe mrefu kadiri utakavyojaaliwa, hujua nimeshika kazi ya mtu ambaye bado hajasafiri.

Upande wa kupokea hausifiwi sana kwa kuwa hauonekani, nao ndio unaoficha ila nyingi zaidi. Mfumo humpa mpokeaji datagramu moja nzima kwa kila wito, na akiwa ametenga nafasi ya baiti 512 na iliyokuja ni ya baiti 1,200, zilizobaki hazimngoji wito wa pili, zimekwenda zake moja kwa moja. Datagramu tupu, isiyo na baiti hata moja ndani yake, ni halali kabisa katika UDP, lakini mkono uliozoea TCP, ambamo sifuri ni alama ya kwamba mwenzio ameondoka, huipokea ile tupu na kufunga mazungumzo. Kwenye Windows iko hitilafu mashuhuri zaidi: ukituma ujumbe kwa mwenza aliyekwisha funga programu yake, na kompyuta yake ikarudisha habari kwamba poti ile haina mtu, wito wako wa kupokea unaofuata huweza kushindwa kwa kosa nambari 10054, naye mtungaji asiyejua hudhani soketi yake imeharibika, akaifunga, na kwa kuwa soketi ile ndiyo sikio la wenza wote, mmoja aliyezima kompyuta yake huwa amewanyamazisha wengine ishirini waliokuwa hawana habari. Tena iko akiba ya mapokezi, ambamo datagramu hungoja zichukuliwe: katika Linux, mathalani, kwa kawaida ni baiti 212,992, na katika hesabu ya akiba hiyo kila ujumbe mdogo hula zaidi ya ukubwa wake. Ikijaa, zinazofuata hutupwa kimya kimya. Kwa hiyo nataka kuona mzunguko wa kupokea usiofanya lolote ila kupokea na kukabidhi. Nikikuta ndani yake mtu anaandika faili kwenye diski, au anapanua picha, au anauliza hifadhidata, sihitaji kungoja jioni ili nijue kitakachotokea.

Ama kuhusu subira, hapo ndipo tabia ya mtungaji hudhihirika kuliko mahali pengine. Ujumbe usipokiriwa, sharti utumwe tena; lakini baada ya muda gani, na mara ngapi? Anayetuma tena kila baada ya milisekunde 100 pasipo kikomo, akidhani ni bidii, huiongezea mzigo njia ambayo tayari imezidiwa, na kwa hapa kwetu huwa anakula bando la mtu. Mfano mwema wa kufuata ni kanuni ya STUN, ambayo kwayo programu huiuliza seva anwani yake ya nje, inayoanza na nusu sekunde na kuuzidisha muda huo mara mbili kila inapokosa jibu: hutuma mwanzo, kisha baada ya milisekunde 500, halafu 1,500, 3,500, 7,500, 15,500 na 31,500 tangu mwanzo, na ifikapo 39,500 bila jibu hukubali kwamba imeshindwa na kusema hivyo. Ipo pia nasaha ya waraka nambari 8085 wa mwaka 2017 kwamba programu isiyokuwa na njia ya kupima muda wa kwenda na kurudi isitume zaidi ya datagramu moja kwa kila sekunde 3 kwa mwenza mmoja. Bora zaidi ni ile inayopima: inayoyahesabu majibu yanavyochelewa na kurefusha subira yake kwa kadiri hiyo, ikachanganya na bahati nasibu kidogo, ili umeme unaporudi katika mtaa mzima wenza wote wasianze kupiga kelele kwa sekunde ile ile. Wale wa BitTorrent, ambao watu huwataja kwa mabaya tu, walitengeneza namna ya kupeleka mafaili makubwa juu ya UDP inayoutazama ucheleweshaji wa njia, na ukikaribia milisekunde 100 zaidi ya kawaida hupunguza mwendo wenyewe ili jirani aweze kuzungumza na simu yake. Namna hiyo ilikuja kuandikwa rasmi katika waraka nambari 6817 wa mwaka 2012. Adabu ya namna hii ni nadra, na ukiikuta, isamehe programu dosari nyingine ndogo.

Lakini kutuma tena huzaa balaa jingine, nalo ni la kumfikia mpokeaji mara mbili. Tuchukue kikundi cha VICOBA ambacho wanachama wake wameamua kutunza daftari lao kwa programu ya wenza, kila simu ikishika nakala. Ukiwa ujumbe umeandikwa "ongeza shilingi 5,000", na ukiri wake ukapotea njiani, mtumaji atautuma tena, na mwanachama atakuwa ameweka 10,000 bila ya kutoa hata senti ya ziada. Ukiwa umeandikwa "muamala nambari 17 wa mwanachama fulani ni shilingi 5,000", uje mara moja au uje mara tisa, daftari litasema neno lile lile. Hili halitengenezwi juu juu baada ya programu kuzinduliwa. Huamuliwa siku ya kuchora umbo la ujumbe, na ndiyo maana mimi huomba kuonyeshwa karatasi ya umbo hilo kabla ya kuonyeshwa rangi za kioo.

Sasa nije kwenye ile milango. Anwani za IPv4 ziliisha katika hazina kuu ya dunia tarehe 3 Februari 2011, na makampuni ya simu, yakiwa na wateja mamilioni na anwani chache, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Hata mwezi wa Aprili 2012 likatengwa fungu maalumu la anwani, 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, kwa ajili ya matumizi hayo ya ndani. Simu ya Nakwa, kwa hiyo, mara nyingi haina anwani ambayo mtu wa nje aweza kuigonga. Mlango wa kampuni hufunguka kwa muda pale tu simu inapotuma kitu nje, na humruhusu aliyetumiwa kujibu. Wenza wawili walio nyuma ya milango ya namna hiyo hawawezi kuanza mazungumzo isipokuwa kwa mshenga: seva ndogo inayojulikana na wote wawili, ambayo kila mmoja huiendea, ikamwambia mwenzake anaonekana kwa anwani gani na poti ipi, kisha ikajitoa, nao hutumiana ujumbe kwa wakati mmoja, kila mmoja akifungua mlango wake kwa ndani. Ujumbe wa kwanza aghalabu hufia kwenye mlango wa mwenza ambao haujafunguka bado, na programu njema huijua kadari hiyo na kuendelea kugonga kwa subira, ambapo programu changa huuona ujumbe umekufa na kutangaza kwamba mwenza hayupo.

Bryan Ford, Pyda Srisuresh na Dan Kegel waliipima hila hii mwaka 2005, wakaona yafaulu kwa takriban asilimia 82 ya vifaa vilivyojaribiwa. Tafsiri ya namba hiyo kwa mnunuzi ni kwamba wapo watu ambao kwao haifaulu, hasa wale ambao mlango wao hufungua poti mpya kwa kila anayezungumzwa naye, hata habari aliyoleta mshenga ikawa haina thamani. Kwa hao hapana budi ujumbe upitie kwa mtu wa tatu hadi mwisho. Sioni aibu yoyote katika jambo hilo. Naiona aibu kwa programu inayojinadi kwamba "haina seva" ilhali nusu ya mazungumzo yake yapitia kwenye seva ya mtu, tena bila ya kumwambia mwenye mazungumzo. Programu ya kiungwana huonyesha mahali fulani, hata kama ni kwa herufi ndogo, kama mko uso kwa uso au mnapitia kwa mwingine.

Mlango uliofunguka hujifunga ukiachwa kimya. Waraka nambari 4787 wa mwaka 2007 unataka usifungwe kabla ya dakika 2 na wapendekeza dakika 5, lakini wenye vifaa hawakuutii wote, na ndiyo sababu WireGuard, programu ya VPN, hupendekeza kutuma ujumbe mdogo wa kuuweka wazi kila baada ya sekunde 25. Watu hulalamika kwamba hili hula bando, na malalamiko hayo hayana msingi: ujumbe wa baiti 60 pamoja na vichwa vyake, kila baada ya sekunde 25, ni jumbe 3,456 kwa siku, yaani kama baiti 207,000, kiasi ambacho picha moja ya simu hukishinda mara kadhaa. Kinacholiwa ni betri, kwa kuwa redio ya simu huamshwa usingizini kila mara. Na mahali ambapo umeme hukatika, betri ni mali. Basi mtungaji mwenye busara haamshi simu kwa ajili ya wenza wote ishirini, huwaamkia wale anaozungumza nao, na wengine huwatafuta upya kwa kupitia kwa mshenga siku ya haja.

Na mshenga akikosekana? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya kwa siku kadhaa. Siku za namna ile ndizo mtihani wa kweli. Programu ambayo mshenga wake pekee yuko Ulaya au Marekani huwa haina msaada wowote kwa watu wawili waliokaa meza moja wakitumia ruta moja, ingawa baina yao hapana hata mita mbili. Programu njema huanza kwa kuuliza waliopo karibu: Syncthing, programu ya kusawazisha mafaili, kwa mfano, hutangaza katika mtandao wa ndani kwa poti ya UDP 21027, na vifaa vingi vya nyumbani hutafutana kwa tangazo la kikundi kwenye poti 5353, pasipo intaneti kabisa na pasipo kugusa bando. Jaribio lake ni rahisi hata kwa asiye fundi: chomoa waya wa nje wa ruta, washa programu kwenye kompyuta mbili, utazame kama zitaonana. Uwe mwangalifu tu kwamba Wi-Fi za hoteli na nyumba za wageni mara nyingi huzuia vifaa vya wageni visionane, na hapo programu haina kosa.

Kuna pia hadhari, ambayo nitaipitia kwa haraka kwa kuwa haina ladha nyingi ingawa ni faradhi. Anwani ya mtumaji katika UDP yaweza kughushiwa na yeyote, kwa hiyo programu inayojibu swali dogo kwa jibu kubwa, kabla ya kuthibitisha nani aliyeuliza, ni silaha mkononi mwa mwovu: Februari 2018 seva za memcached zilizoachwa wazi kwa UDP zilitumiwa kuishambulia GitHub kwa mkondo uliofika terabiti 1.35 kwa sekunde. QUIC imeweka mpaka kwamba, kabla ya kumthibitisha aliyeuliza, jibu lisizidi mara tatu ya kilichopokewa, na mpaka huo wafaa kuigwa. Kadhalika urefu uliotajwa ndani ya ujumbe usisadikiwe kabla ya kulinganishwa na urefu uliofika kweli.

Linalonishughulisha zaidi kuliko hadhari hiyo ni jinsi programu inavyomtambua mwenza. Wako watungaji waliolifanya jina la mwenza kuwa ni anwani yake na poti yake, na kwa waya usiobadilika hakuna atakayeona ila. Lakini umeme ukatike Nakwa, kompyuta itoke kwenye Wi-Fi na kuhamia kwenye simu, na yule yule mtu, katikati ya sentensi yake, huwa mgeni asiyejulikana, ujumbe wake hutupwa, na majibu yake hupelekwa kwenye anwani ambayo haina mtu. WireGuard humtambua mwenza kwa ufunguo wake wa umma, na ujumbe uliothibitishwa ukija kutoka anwani mpya, huifuata anwani hiyo bila ya ghasia. Huu ndio ustadi ninaoupa daraja ya juu kabisa, kwani mtumiaji hajui kamwe kwamba umetendeka.

Mwenye kutaka kupima na asiyeweza kufika kwetu anaweza kuileta hali yetu mezani pake: Linux ina chombo kiitwacho netem ambacho huamriwa kupoteza ujumbe 5 katika 100, kuchelewesha kwa milisekunde 200, kurudufu na kubadili zamu. Tumia vyote kwa pamoja, kisha tumia programu kama mtu wa kawaida kwa saa nzima, na katikati badili mtandao wa kompyuta moja. Ukimaliza, omba daftari la matukio la programu: lile zuri litakuambia ngapi zilitumwa, ngapi zilikiriwa, ngapi zilirudiwa na ngapi hazijulikani, na hesabu zitaingiana.

Baada ya kuziona ila, zipime kwa gharama ya kuziponya, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Ujumbe mrefu kupita kiasi hutengenezwa kwa siku chache. Akiba ndogo ya mapokezi, au kosa la 10054, ni kazi ya saa moja. Subira mbaya huhitaji wiki na mtu mwenye akili tulivu. Programu zenye ila hizo zichukue, kama bei ni ya haki, na umpe mtungaji orodha. Lakini ambayo ujumbe wake hauna nambari ya kuutambulisha, na ambayo mwenza wake ni anwani tu, imeharibika msingini. Hiyo mwambie mwenyewe aianze upya, wala usikubali kumlipa fedha ya matengenezo.